Chuma, kamba, baiskeli au mlima: kipi cha misuli, kipi cha mifupa

Nianze na jibu, maana wengi mnalitaka hilo kwanza. Kama una dakika kumi tu kwa siku, magoti hayakusumbui na hujafika miaka 50, tafuta kamba ya kuruka. Kama unaweza kupata nusu saa mara mbili au tatu kwa wiki, nenda kwenye chuma, yaani kunyanyua uzito. Mlima Loleza wa Mbeya na wenzake upande kwa ajili ya mapaja na pumzi, usiutegemee sana kwa mifupa. Na baiskeli, pamoja na sifa zake zote, mifupa yako haiitambui.

Majibu yanatofautiana kwa sababu tumezoea kusema "mazoezi yanaimarisha mwili" utadhani mwili ni kitu kimoja. Msuli na mfupa vimeunganishwa na kano na vinakwenda pamoja kila hatua, lakini kila kimoja kina kinachokiamsha na muda wake wa kuitikia. Unaweza ukapiga tizi mwaka mzima, paja likatuna hadi suruali ikabana, na mfupa ulio ndani ya paja hilohilo ukabaki vilevile ulivyokuwa.

Msuli unavyokaza

Ukitaka kunyanyua gunia la viazi, amri inatoka kwenye ubongo, inashuka kwa uti wa mgongo mpaka ncha ya neva, pale neva inapokutana na uzi wa msuli. Neva haiingii ndani. Inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo inaamsha mkondo wa umeme unaotambaa juu ya utando wa ule uzi na kuzama ndani kupitia vijifereji. Huko ndani kuna vifuko vilivyojaa kalsiamu. Umeme ukifika, vifuko vinafunguka na kalsiamu inamwagika.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Kila uzi wa msuli umejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo sarkomea, takribani 400 kwa milimita moja, na ndani ya kila kipande kuna nyuzi nyembamba za protini ya aktini zilizopishana na nyuzi nene za miosini. Msuli ukiwa umelegea, sehemu za aktini ambazo miosini ingezishika zimefunikwa na protini nyingine, tropomiosini. Kalsiamu inajishika kwenye protini ya tatu, troponini, nayo troponini inaisogeza tropomiosini pembeni, na vichwa vya miosini vinapata pa kushika. Vinashika, vinavuta, vinaachia, vinashika mbele kidogo, kama mtu anayevuta ndoo kisimani mkono kwa mkono. Mvuto mmoja ni mdogo mno: chukua milimita moja uigawe mara laki moja, utakaribia hapo. Lakini vichwa hivyo haviwezi kuhesabika na vinapokezana bila kukoma, ndiyo maana gunia linanyanyuka.

Kumbuka kwamba nyuzi zenyewe hazifupiki. Zinateleza tu, hizi kati ya zile, na msuli mzima ndio unaokuwa mfupi. Maelezo haya yalichapishwa mwaka 1954 na makundi mawili ya watafiti yaliyofanya kazi kila moja kivyake: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, kisha Hugh Huxley na Jean Hanson. (Wale Huxley wawili hawakuwa ndugu, ingawa wanafunzi wengi huwachanganya.)

Jambo jingine la kukumbuka ukiwa kwenye mazoezi ni ATP, ile nishati ya ndani ya seli. Watu hudhani inatumika kuvuta tu, kumbe hata kuachia kunaihitaji. Ikikosekana kabisa, kichwa cha miosini hung'ang'ania palepale, na hiyo ndiyo sababu maiti hukakamaa saa chache baada ya kifo. Akiba ya ATP ndani ya msuli inatosha sekunde chache. Kreatini fosfati, akiba nyingine ya nishati msulini, inasogeza hadi kama sekunde kumi, baada ya hapo mwili unategemea sukari na mafuta. Kwa hiyo anayenyanyua uzito mkubwa kweli hawezi kuendelea dakika mbili mfululizo. Ukimwona anaendelea, uzito wake ni mdogo.

Na msuli unakuzwa na nini? Kuvutwa kwa nguvu, mara nyingi kiasi cha kukaribia kushindwa, kisha chakula chenye protini na usingizi. Baada ya kipindi kizuri cha chuma, ujenzi wa protini ndani ya msuli hupanda kwa siku moja hadi mbili. Wiki za mwanzo utajisikia una nguvu zaidi kabla ya kuona tofauti yoyote kwenye kioo, kwa kuwa neva ndizo zinazotangulia: zinajifunza kuziita nyuzi nyingi kwa mpigo. Kutuna kunakuja baadaye, kwa wengi baada ya miezi miwili hivi.

Mfupa unavyoundwa

Mifupa yetu mingi ilianza kama gegedu, ile nyama ngumu inayonyumbulika kama ya sikioni, tukiwa bado tumboni. Gegedu hilo linaliwa kidogo kidogo na nafasi yake inachukuliwa na mfupa. Bapa za fuvu ni tofauti kidogo, zenyewe zinaundwa moja kwa moja kwenye utando bila kupitia gegedu. Kwenye ncha za mifupa mirefu hubaki tabaka la gegedu linaloendelea kukua hadi mwishoni mwa balehe. Likishageuka mfupa lote, kimo chako ndicho hicho.

Kimo kikishasimama, ujenzi bado unaendelea. Ndani ya mfupa kuna seli zinazobomoa, osteoklasti, na seli zinazojenga, osteoblasti. Zile za kubomoa huchimba kijishimo kwa wiki chache. Za kujenga zinafuata nyuma, zinamwaga kwanza kolajeni, protini ambayo bado ni laini, halafu madini ya kalsiamu na fosfati yanajipanga ndani yake na kuigandisha. Kolajeni ndiyo inayoupa mfupa unyumbufu kidogo na madini yanaupa ugumu. Kukijaza kijishimo kimoja huchukua miezi mitatu au zaidi, na mtu mzima hubadilisha takribani asilimia 10 ya mifupa yake kila mwaka. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia unga wa "mifupa imara ndani ya wiki mbili" pale stendi, mwachie unga wake.

Nani anaamua pa kuongeza na pa kupunguza? Baadhi ya osteoblasti hujizika ndani ya mfupa zinaoujenga na kuwa osteositi, seli zenye mikono myembamba inayogusana kupitia vijifereji vyenye majimaji. Ukitua chini kutoka hewani, mfupa wa mguu hupinda. Ni kiasi kisichoonekana kwa macho, lakini unapinda. Majimaji yanasukumwa ndani ya vijifereji, osteositi zinahisi, na amri ya kujenga inatoka. Hapa pana siri ya uchaguzi wote: zinahisi majimaji yanapotembea. Mzigo uliotulia juu ya mfupa, hata uwe mzito, hauyatembezi.

Kwamba mfupa hujipanga kulingana na kazi unayofanyishwa, Julius Wolff wa Ujerumani aliliandika mwaka 1892, na mpaka leo mkono wa mchezaji tenisi unaoshika raketi una mfupa mnene kuliko mwenzake. Wanaanga, ambao miguu yao haigongi chochote, hupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kwa mwezi. Ila jaribio ninalolipenda ni la watafiti Rubin na Lanyon, 1984. Waliuminya mfupa wa bawa la ndege kwa vipindi vifupi vya kila siku. Miminyo 36 kwa siku iliongeza mfupa, na walipofikisha 1,800 hawakupata zaidi. Mfupa unashiba haraka. Ukiupa saa kadhaa za kupumzika, unakuwa tayari kuhisi tena.

Sasa tuyaweke mazoezi kando kwa kando

Mlima. Mbeya mjini tayari uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, na Loleza inapita mita 2,600, kwa hiyo mgeni aliyetoka Dar es Salaam jana atasimama kupumua mara nyingi kabla hajafika juu. Kupanda kunafanyisha kazi makalio, misuli ya mbele ya paja na vigimbi, na moyo unapata kazi yake. Kushuka ndiko kunakowashika watu bila kutarajia. Ukishuka, msuli wa paja unakaza huku ukirefushwa, unafanya kazi ya breki, na kukaza kwa namna hiyo huchana nyuzi kidogo kidogo ndani kwa ndani. Siku ya Jumapili unapanda na kushuka ukicheka. Jumatatu unaanza kuhisi, na Jumanne choo cha kuchuchumaa kinakuwa mtihani. Ni maumivu ya kawaida, huisha yenyewe ndani ya siku chache, na ukirudia wiki inayofuata yatapungua sana.

Kwa mifupa, kutembea kupanda hakuna kishindo. Mguu unatua taratibu. Kwenye kushuka kuna kishindo kidogo zaidi, na ukipata kipande cha njia chenye udongo mkavu usio na mawe ukashuka mchaka mchaka, hapo mfupa unapata kitu. Jiwe la Gangilonga pale Iringa ni pafupi mno kwa shughuli hii, ingawa kwa kuutazama mji jioni hapana mpinzani.

Chuma. Hiki ndicho kinachogusa pande zote mbili, na ningelazimishwa kuchagua kimoja kwa maisha yote ningekichagua hiki. Kuchuchumaa na uzito mabegani au kunyanyua kutoka sakafuni kunaikazia misuli mikubwa, na misuli inapovuta kano, kano zinauvuta mfupa pale zilipojishikiza, hasa nyonga na uti wa mgongo, sehemu mbili ambazo uzeeni huvunjika kirahisi. Lakini uzito uwe wa kweli. Ukiweza kurudia mara 30 huku unapiga stori, unajenga ustahimilivu tu, mfupa haujasikia kitu.

Si lazima ulipie jimu. Vijana wa mitaani wanajua: bomba la chuma, makopo mawili ya rangi, zege. Kopo la kwanza unalijaza zege na kulichomeka bomba wima, unaliacha kwa siku kadhaa bila kuligusa, halafu unageuza upande wa pili. Kosa linaloonekana kwenye vyuma vingi vya aina hii ni kopo moja kuwa zito kuliko lingine, na anayekitumia anapindisha mgongo kila siku bila kujua. Pima makopo yote kwenye mizani ya muuza viazi kabla hujaanza kujitutumua.

Kamba. Kwa dakika moja ya muda wako, sijaona kinachoshinda hii kwa mifupa. Ukitembea, mguu unapokea nguvu inayozidi kidogo tu uzito wako. Ukikimbia inafika mara mbili hadi tatu. Ukiruka na kutua inaweza kupita hapo. Na kwa kuwa mfupa unashiba haraka, huhitaji kutoka jasho. Ruka 40 au 50 asubuhi kabla ya kuoga, ruka nyingine jioni, basi. Mara mbili fupi zenye saa nyingi katikati zinafaa kuliko kuruka 500 kwa mpigo.

Namna ya kutua ina maana yake. Tua kwa sehemu ya mbele ya wayo, magoti yakiwa yamelegea kidogo, usiruke juu kuliko kamba inavyohitaji. Uwanja wa udongo uliofagiwa unafaa kuliko sakafu ya saruji. Mapungufu yake: msuli unaofaidi ni kigimbi, paja linapata kidogo, na kifua na mikono hazipati chochote cha kusimulia. Mkono nao hautui chini, kwa hiyo mifupa ya kiganja na kigasha haifaidi. Ongeza pushapu.

Baiskeli. Panda nayo kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini bila kushuka, uone misuli ya paja inavyowaka. Kwa moyo na mapaja ni zoezi zuri sana. Ila uzito wako umebebwa na kiti, pedali inazunguka kwa ulaini, hakuna kishindo. Waendesha baiskeli wa mashindano mara nyingi hukutwa na mifupa ya mgongo myepesi licha ya miguu yao ile. Kuogelea Matema, Ziwa Nyasa, ni hivyohivyo, maji yanakubeba. Usiache, ila usihesabu kwamba umeishughulikia mifupa.

Kazi za shamba na mizigo. Mama mmoja muuza ndizi pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, aliniambia, "Mwanangu, mimi nimebeba kichwani tangu msichana, hayo mazoezi yenu ya nini?" Swali zuri. Jembe linajenga mgongo, mabega na mikono, na mtu anayelima ana nguvu kuliko anayekaa ofisini, hilo halina ubishi. Lakini mzigo wa kichwani, ubebaji mzuri ukiwa ule usiotikisika hata kidogo, ni mzigo uliotulia. Mfupa unauzoea. Nilimwambia asipunguze kubeba kwa ajili yangu, aongeze tu kukanyaga kwa kishindo mara chache kwa siku, kunyanyua visigino na kuviangusha chini, hata akiwa amesimama mezani kwake. Alicheka, lakini alijaribu palepale, na wateja wawili wakajaribu pia.

Chakula na jua

Takribani asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko kwenye mifupa na meno. Sehemu ndogo inayobaki inazunguka kwenye damu na seli, na ndiyo inayofanya kazi kwenye neva na misuli kama tulivyoona. Ikipungua kwenye damu, mwili hausiti kuibomoa mifupa ili kuijazia. Usipa wa Kyela unaoliwa mzima na miba yake ni chanzo kizuri sana, na maziwa ya Rungwe hayahitaji kutangazwa. Kwenye mboga, mchicha una kalsiamu nyingi lakini una pia oksaleti inayoizuia isifyonzwe. Kalsiamu ya figiri, chainizi na sukuma wiki hufyonzwa vizuri zaidi. Vitamini D inatoka hasa kwenye jua, na hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini, Juni na Julai watu tunashinda tumejifunika masweta na kanga mpaka shingoni. Mikono na miguu ikipata jua la mchana kidogo, baridi haitakuua. Protini ya maharage ni ya wote wawili, msuli na kolajeni ya mfupa.

Uchague kipi

Mtoto na mwanafunzi: karibu chochote chenye kuruka na kukimbia. Rede, mpira, kamba, mchaka mchaka wa shule. Miaka hii ndiyo mfupa unapowekewa akiba yake, na kufikia kama miaka 30 akiba imefika kilele. Tusisahau kwamba utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchini kwa udumavu, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano, na Njombe na Rukwa hazikuwa mbali. Mikoa inayolisha nchi. Kwa mtoto mdogo, sahani inatangulia, kamba inafuata.

Dereva wa bodaboda: unakaa kutwa, paja limelegea, mgongo unatikiswa. Kamba asubuhi, chuma mara mbili kwa wiki. Na ukipata ajali ukafungwa P.O.P. (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika), tegemea kuona mguu umekonda ndani ya wiki mbili tatu tu, maana msuli usiokaza huyeyuka haraka. Hautibiwi kwa kusubiri. Muulize daktari lini uanze kukaza paja ndani ya P.O.P. na lini uanze kukanyagia, usijipangie mwenyewe. Mfupa wa muundi huchukua miezi mitatu au minne kushikana vizuri, hata kama maumivu yameisha mapema.

Mama aliyekoma hedhi: estrojeni, homoni ya kike, ikishuka, osteoklasti zinabomoa kuliko osteoblasti zinavyojenga, na miaka ya mwanzo ndiyo kasi zaidi. Hapa nachagua chuma bila kusita, uzito ukipandishwa polepole, pamoja na kutembea kilimani. Kamba ni kwa yule tu ambaye hajawahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo, mgongo haujaanza kupinda na kimo hakijapungua. Mwenye mojawapo ya hayo aanzie hospitali.

Mzee wa miaka 70 na kuendelea: nyonga nyingi huvunjika kwa kuanguka, na kuanguka kunaletwa na miguu isiyo na nguvu. Msimpe kamba. Awe anasimama kutoka kwenye kiti bila kushika mikono ya kiti, mara kumi, apumzike, arudie. Kisha asimame kwa mguu mmoja huku kaegemeza mkono mezani. Akiona kusimama kumekuwa rahisi, mpeni dumu la lita tano lenye maji nusu alikumbatie kifuani, aendelee kusimama na kukaa nalo, na mmoja wenu awe karibu yake.